Kilio cha Mzee Nissim Aliyekuwa Ndani Anakunywa Kahawa

Mpaka leo, na nywele hizi nyeupe, siwezi kupita barabara ya Musonoi bila mtu fulani wa umri wangu kuvua kofia, kunitazama kwa huruma ya uongo na kuuliza, "Tata Kalala, leo unatuzikia nani?" Wenzake wanacheka mpaka wanakohoa. Mimi nacheka pia, maana nikikasirika watawahadithia hadi wajukuu, basi afadhali niwaeleze mwenyewe: nilimfanyia mtu kilio akiwa nyumbani kwake, mzima, anakunywa kahawa.

Mtu huyo alikuwa patron wangu, mwenye duka nililofanyia kazi, Mzee Nissim, Myahudi aliyezaliwa kwenye kisiwa cha mbali, akaja Kolwezi, mji wetu wa migodi, kijana asiye na ndevu, akauza vitambaa mpaka akazeeka, na akitukana kwa Kiswahili chetu hata wachimbaji waliinama kwa heshima. Ilikuwa miaka ile ya Zaïre ambapo maduka ya wageni yalichukuliwa na serikali, kisha baadhi yao wakarudishiwa. Yeye alirudishiwa rafu tupu na mkasi mmoja, tukaanza upya pamoja. Mke wake, Mama Rebeka, alizikwa hapa hapa Kolwezi, binti yao alikuwa Israeli, na Wayahudi waliobaki mjini ungewapakia kwenye gari moja (na nafasi ya mizigo ingebaki).

Siku moja, Jumapili ikikaribia, akaniambia, "Kalala, dimanche wazee babili wa kwetu banakuya, mumoja wa Likasi, mumoja wa Lubumbashi. Bao njo bakubwa wa Bayuda sasa. Tutaongea juu ya Sayuni, leo maana yake nini."

"Ni juu ya kwenda, patron?"

"Pengine kwenda. Pengine kubakia. Weye ulete viti, ufunge madirisha, tuongee polepole."

(Serikali ilikuwa imevunja uhusiano na Israeli, kwa hiyo mambo kama hayo hayakuzungumzwa kwa sauti.)

Katika maneno yake yote mimi nilisikia moja tu, kwenda, na sikutaka aende, kwa sababu mtu huyu ndiye aliyenifundisha kupima kitambaa bila kukivuta, na mtoto wangu wa kwanza alipougua ni yeye aliyekaa nami kwenye benchi la hospitali akimtukana kila daktari aliyepita bila kusimama. Nikawaza: wageni wakiona mzee ana watu hapa, watamshauri abaki. Na mimi nilikuwa mwimbaji wa sauti ya tenor kanisani, na kitabu chetu cha nyimbo kilijaa Sayuni tele. Basi nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, wa kuwaletea kwaya kama zawadi.

Nikamwendea Mama Ngalula, kiongozi wetu, mama wa kutoka Kasai kama mama yangu.

"Mama, dimanche baada ya ibada mukuye kwa patron na zile nyimbo za Sayuni."

"Zote?"

"Zote, mama."

Akaweka mkono kifuani, akafumba macho. "Basi. Mungu njo anajua." Nikaona amefurahia heshima.

Jambo ambalo halikunipitia kichwani (na nilisoma sekondari, msisahau) ni kwamba nyimbo zile tuliziimba mahali pamoja tu, kwenye kilio. Nilikuwa nimeziimba katika vilio vingi, nikisikiliza tenor yangu tamu, mpaka nikasahau kwamba mbele yetu kila mara kulikuwa na jeneza.

Jumapili ikafika. Patron akaniambia nikae nao sebuleni, mimi si mgeni. Walizungumza Kifaransa. Mzee wa Lubumbashi, aliyeongoza sala zao, alisema, "Sayuni leo ni nchi. Ina wizara, ina foleni, ina vijana wanaokufa vitani. Anayeipenda aende akaishi humo, asiipende kwa mbali kama picha ya ukutani."

Yule wa Likasi, mwembamba, akatikisa kichwa. "Baba yangu kila Pasaka alisema mwaka ujao tuwe Yerusalemu, na hakuuliza hata mara moja meli inaondoka lini. Je, hakuwa Msayuni? Neno hilo lilimfanya asimame wima hapa."

"Baba yako alikuwa hapa. Waliobaki kisiwani walisimama wima pia."

Wote watatu walikuwa na ndugu waliochukuliwa kule wakati wa vita kwa sababu ya Uyahudi wao, na hawakurudi.

Ndipo patron akasema, akizungusha kikombe, "Nakubali, ni nchi, mlango uko wazi, na binti yangu ananingoja. Lakini nikienda, nani ataweka jiwe juu ya kaburi la Rebeka kila mwaka, kama desturi yetu?"

Wakati huo huo nje ya dirisha sauti nane zilipanda kwa pamoja, polepole, nzito, na mzee wa Likasi, aliyeishi huku kwetu Katanga maisha yake yote, akaweka kikombe chini akauliza kwa Kiswahili, "Nani alikufa?"

"Hakuna, ni zawadi," nikasema. Patron aliniangalia. Nikatoka mbio.

Mama Ngalula alikuwa amevaa kitambaa cheusi, kwaya imekuja na mabenchi yake, na njia nzima kutoka Musonoi walikuwa wameulizwa kilio ni cha nani, wakajibu ukweli walioujua, kwamba ni cha Mzee Nissim. Uani kulijaa watu. Wanaume walikuwa wanapanga kuni. Mke wangu mwenyewe alikuwa amekaa chini, mtoto mgongoni, anapiga mapaja. "Weye! Mi bibi yako, hata hukuniambia?"

"Nyamazeni! Mzee iko ndani!" nikapaza sauti.

Wakalia zaidi. Bila shaka yuko ndani, angekuwa wapi?

"Iko na bageni!"

"Famille ilisha fika," wakaambiana, wakidhani wageni ni ndugu wa marehemu, na vilio vikapanda tena.

Nikageuka kumwita patron, nikamwona nyuma ya dirisha lililofunguka kidogo, wale wazee begani kwake, kidole mdomoni: niache. Alikuwa anasikiliza. Mchimbaji mmoja alisema mzee alimtukana siku ya ndoa yake na kisha akamkatia kitambaa cha suti. Mwingine alisema kaburi la Mama Rebeka yeye hulipalilia bila kuombwa. Nikamwona patron anapangusa uso. Kisha akasimama Mama Biuma, jirani. "Tuseme yote. Alikuwa mwema, lakini kile kitambaa cha buluu alichoniuzia kilichuja!"

Dirisha likafunguka pande zote mbili. "Muongo weye! Uliifula na mayi ya moto! Nilikuambia mayi ya baridi!"

Sijaona tena watu wakikimbia namna ile. Mmoja alipita katikati ya uzio wa miiba, mabenchi yakapinduka, Mama Ngalula akakaa chini kama gunia. Walipojua ukweli walinigeukia mimi, na kwaya ikanifukuza siku hiyo hiyo.

Wageni walipoondoka, yule wa Lubumbashi alimwambia patron, "Huko Sayuni hatutaliliwa hivi." Patron akajibu, "Banalia kitambaa," lakini hakucheka.

Kiangazi kilichofuata alienda kwa binti yake. Jiwe la Mama Rebeka alinikabidhi mimi. Mlangoni mwa gari akanishika sikio kama mtoto: "Kalala, mara hii usilete kwaya."

Miaka ikapita, mzee wa Likasi akaja kuniambia Nissim amefariki kule, kweli. Nikamkimbilia Mama Ngalula. "Huyu tulisha mulia," akasema, akafunga mlango. Nilizunguka Musonoi nzima, kila mmoja ananicheka: tata, leo atafungua dirisha gani? Nikaenda peke yangu makaburini, nikaweka jiwe kwa Mama Rebeka, nikaanza wimbo wa Sayuni, na tenor peke yake si wimbo, ni mtu anayelalamika.

Kisha mtu akaketi kando yangu. Mama Biuma, amevaa kile kitambaa, rangi yake sasa ya majivu. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ni kweli," akasema, "niliifula na mayi ya moto."

Tangu hapo siiti kwaya bila kumuuliza kwanza mwenye nyumba. Na buluu naifua kwa maji baridi.