Maji ya Moto ya Ubatizo

Miaka ile ya vita, watu wa kanisa letu la Butembo hawakubatiziwa tena mutoni. Kule chini kulikuwa watu wa bunduki, leo hawa, kesho wengine. Donc pasteur alikuwa anaomba piscine, bwawa la kuogelea, ya mufanyabiashara mumoja, kule juu ya mulima. Mimi ndiye nilikuwa naisafisha, mutoto mugongoni, magoti kwenye simenti.

Butembo kuna baridi. Patron, ule mwenye piscine, akaleta toka Kasindi mashini ya umeme ya kupasha maji, ikatumia groupe yake, jenereta ya nyuma ya nyumba. Siku ya Ijumaa nikaingiza mukono ili nitoe majani, kitu kikaniuma mupaka kwenye kiwiko, sawa siafu. Mutoto naye akalia. Nikaenda mbio kwa fundi wa umeme.

Alikuwa anakula. Akaniambia différentiel, ile kidude inayokata umeme yenyewe kama unavuja, ilikuwa inaruka kila mara, na patron anakasirika maji ni baridi.

«Basi niliitoa. Nikaunga waya kwa waya. Sasa hairuke tena.»

«Iliruka sababu umeme iko navuja.»

«Mama, weye ni wa kufagia ao ni ingénieur?»

Nilimaliza secondaire, na fizikia nilikuwa nashinda wanaume. Karatasi ya mashini niliiokota kwenye poubelle, kwa takataka, nikaisoma: bila différentiel ya milliampères makumi tatu, bila waya ya terre, ile inayopeleka umeme chini kwa udongo, usiwashe. Nikamuwekea mbele. Akajipangusia vidole nayo.

Jumamosi sikukaa chini. Nilifua nguo zilizokuwa safi, nikasimama, nikatoka, nikarudi. Kesho yake mama yangu alikuwa abatizwe. Alikuwa mukatoliki tangu utoto, sasa anaingia kanisani kwetu, na alitaka kuzamishwa wa kwanza.

Jumapili alikuwa pale na kanzu nyeupe, miguu mitupu. Nikamuambia pasteur maji yana umeme.

«Mama, shetani anapenda kutuchelewesha,» akasema kwa upole. Ule upole ndio ulinichoma.

Mama akanivuta kando. «Acha kunipatisha haya mbele ya batu.»

Wakati wanaimba nikapita nyuma ya nyumba, nikazima groupe, nikachukua kisu cha jikoni, nikakata waya wa mashini mara mbili, na kile kipande nikakitupa kwenye choo.

Maji yalikuwa yangali na moto. Mama akazama, akatoka, akakohoa, akatafuta taulo. Nikamupa.

«Uliona?» akaniambia, sauti juu, ili wote wasikie. «Umeme iko wapi?»

Watu wakacheka. Fundi wa umeme, naye alikuwa pale, alicheka kuwapita wote.

Siku ya pili patron akanifukuza juu ya waya wake. Mupaka leo mama anasimulia wageni namna binti yake alitaka kumuzuia kubatizwa. Ninakaa pembeni namusikiliza, muzima, anakunywa chai yake, na hasira haijaniisha.