Kambi Tatu na Maswali ya Mama Neema

Sababu ya safari hii ilikuwa aibu, wala sitaizungusha. Kikosi chetu cha skauti hapa Point, Durban, kimepiga kambi ya Desemba mara tatu mfululizo ndani ya ukumbi wa kanisa. Ndani kabisa, chini ya feni. Tulifunga kamba kwenye miguu ya viti, tukatundika mablanketi, tukawasha tochi na kuifunika kitambaa chekundu, halafu tukaizunguka tukiimba kana kwamba inatuchoma. Mwaka wa kwanza watoto walifurahi. Wa pili walivumilia. Wa tatu Padri alipita katikati ya wimbo kuchukua maikrofoni yake, na nikawaona wakubwa wakitazamana.

Mwaka huu Espérance, kiongozi wa kikundi cha wasichana, alinisubiri baada ya mazoezi akaniambia kwa heshima zote kwamba kama ni ukumbi tena, yeye na wakubwa wenzake hawatakuja. Desemba hawatakuja, na Januari hawatarudi. Hao ndio wanaokishika kikosi. Wakiondoka nabaki mimi na wadogo ambao bado nawafunga kamba za viatu, na hiyo si skauti tena, ni chekechea yenye skafu. Ninyi wa Bukavu mnanijua. Nilikulia katika skauti, mkanipa totemu, yaani jina la kiskauti la mnyama, ya Nguchiro Msemaji, ambayo sikuipenda na ambayo ilinifaa. Huku natengeneza simu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, vioo vilivyopasuka na watu waliokasirika. Kikosi hiki ndicho kitu pekee nilichokianzisha mwenyewe katika mji huu, na roho iliniuma kuona kinanyauka mikononi mwangu.

Basi ilinibidi nitafute kambi ya kweli, nje ya mji. Tatizo halikuwa kambi. Tatizo lilikuwa Mama Neema.

Mama Neema ni rais wa kamati ya wazazi, na mtoto wake Neema ni skauti wetu. Kazi yake ni kusuka nywele saluni, na kwa kuwa anawasuka mama wa karibu kila skauti, hakuna mzazi anayemtoa mtoto kabla yeye hajasema ndiyo. Kabla ya kufika Durban aliishi miaka tisa katika kambi ya wakimbizi huko Tanzania, chini ya hema. Kila niliyemwomba ushauri aliniambia jambo moja: mpeleke popote, mwonyeshe chochote, lakini usimtajie hema. Nikasikia. Nikatafuta mahali penye vyumba, vitanda na paa la kueleweka. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuonyeshwa picha kwenye simu, nikamwalika aje kukagua mwenyewe.

Jumamosi asubuhi tuliondoka Point kwa gari la Bwana Suleimani. Yeye ni mzaliwa wa Durban, Mwislamu, babu zake walitoka pwani ya Afrika Mashariki, na Kiswahili chake alikirithi kwa bibi yake pamoja na adabu, ingawa adabu ilipungua njiani. Anaishi Queensburgh, ana bakkie, yaani pikapu, yenye viti viwili vya mbele na benchi la nyuma, na watoto wake wawili ni skauti wetu. Alisema atafika sasa hivi. Waliokaa Afrika Kusini wanajua kwamba hiyo si saa, ni matumaini. Alipofika, Mama Neema alipakia kikapu cha sombe ya majani ya muhogo, ugali, samaki wa kukaanga na chupa ya pilipili, mzigo wa kumtosha mtu anayehamia. Akakaa mbele. Mimi, rais wa msafara, nikawekwa nyuma na kikapu.

Tulipita Westville, ambako miti ni mingi kuliko watu na hakuna anayetembea kwa miguu isipokuwa mbwa anayetembezwa. Mama Neema alitazama nyua ndefu za matofali akauliza wanaficha nini. Suleimani akamjibu wanafichana wao kwa wao.

Saa tatu tulifika kambi ya kwanza, juu ya vilima. Nakiri nilipenda kila kitu kabla sijashuka garini. Kulikuwa na bwawa la kuogelea, ukuta wa kupanda wenye vishikio vya rangi, na vyumba vya mbao vyenye vitanda vya ghorofa na magodoro yaliyofungwa plastiki. Meneja alikuwa kijana wa Kizungu mwenye kaptula na filimbi shingoni, mkarimu, mwenye kupenda kazi yake. Alitueleza utaratibu akitembea kinyumenyume mbele yetu, ujuzi ambao mimi sina. Kila mtoto huvaa bangili ya plastiki yenye namba. Kengele ikilia wanapanga foleni ukumbi wa chakula, wanaonyesha bangili, wanapakuliwa. Uzio una umeme. Jioni lango linafungwa, na mpaka siku ya mwisho haingii mtu wala hatoki mtu.

Nilikuwa naitikia kwa kichwa kila sentensi. Usalama, nidhamu, vitanda. Nikamtazama Mama Neema nikitarajia kuuona uso wa mzazi aliyetulia. Yeye aliuliza maswali, mimi nikayatafsiri.

"Clé ya lango inabaki kwa nani?"

Meneja akajipiga mfuko wa kaptula wenye ufunguo, kwa fahari. Mama Neema akauliza mtoto akitaka kurudi kwao siku ya pili inakuwaje. Meneja akacheka vizuri tu, akasema watoto wote hulia siku ya pili, siku ya tatu wanasahau, na ndiyo maana simu zao huwekwa ofisini. Kisha akampa bangili ya mfano ajaribu. Mama Neema aliigeuza, akasoma namba, akaiweka mezani polepole akavuta mkono.

"Ni pazuri," akaniambia. Akarudi garini.

Alisema kama mtu anavyosifu pishi la mwenzake huku amefunika sahani yake. Nikajipa moyo kwamba labda hakupenda magodoro.

Adhuhuri tulikuwa kambi ya pili, kusini, kando ya bahari. Hapa palikuwa na vijumba vya saruji vilivyoezekwa nyasi, upepo mzuri, na mwenye mji mama mmoja wa Kihindi aliyevaa kofia kubwa, aliyetupokea kwa chai yenye maziwa mengi na karipio kwa kuchelewa. Nikamwambia Suleimani kando kwamba hapa ndipo, nyasi juu na saruji chini, hakuna hema hata la kuchezea. Mama wa kofia naye alikuwa na utaratibu wake. Kuoga kwa zamu, kwa filimbi. Maji ya kunywa yanagawiwa, ndoo moja kwa kila chumba, kiongozi anatia sahihi. Wazazi wanaruhusiwa kutembelea Jumapili alasiri, wakiomba mapema. Alisema amelea watoto wa shule nyingi kwa mtindo huo na hakuna aliyewahi kupotea.

Mama Neema aliuliza tena habari za ufunguo. Halafu akauliza nani anapakua chakula.

Hapo tumbili wakaingilia. Mlango wa gari tuliuacha wazi, na tumbili wa pwani ile hawana soni. Mmoja alitoka na samaki mkononi, wa pili na wa kwake, wa tatu akanusa pilipili, akatazama upande wetu kwa dharau, akairudisha kikapuni. Nilikimbia nikipunga skafu, nikajikwaa kwenye kamba ya nguo, nikaanguka mbele ya wazee waliokuwa wanacheza karata. Suleimani alicheka mpaka akashika gari. Mama Neema hakucheka. Aliokota kikapu, akafunika sombe, akamshukuru mama wa kofia kwa chai, na akaniambia, "Ni pazuri," kwa sauti ileile.

Hapo nikafa moyo. Sehemu mbili zenye paa, zote pazuri, zote hapana. Nilikwishaanza kutunga maneno ya kumwambia Espérance. Kambi ya tatu ilikuwa wazo la Suleimani, na nilimwomba tuiache, kwa sababu ilikuwa na kila kitu nilichoagizwa kuficha. Yeye akasema mwenye shamba hilo ni rafiki yake wa miaka mingi, kila mwaka hununua kwake mbuzi wa kuchinja wa sikukuu, na hawezi kupita njia ya kwake bila kumsalimu.

Alasiri tuliiacha bahari, tukapanda kwenye mashamba ya miwa kuelekea upande wa Ixopo, kisha barabara ya vumbi hadi shamba la MaZondi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye mabuti ya mpira na mikono yenye unga, kwa maana tulimkuta anakanda mkate. Anaongea Kizulu, Suleimani anakijua kama nyumbani, kwa hiyo tafsiri ilihamia kwake, na sina hakika hakuongeza chumvi. Uwanja ulikuwa na nyasi fupi zilizoliwa na ng'ombe, mto mdogo wa kufika magotini, bomba moja, vyoo vya shimo vilivyopakwa chokaa. Na mahema. Moja alikuwa ameliacha limesimama katikati ya uwanja, kubwa, la turubai la rangi ya udongo. Nilisimama mbele yake nikijaribu kuliziba kwa mwili wangu, na mimi si mtu mpana.

Mama Neema aliuliza lango liko wapi. MaZondi hakuelewa, akaonyesha waya uliofungwa kati ya nguzo mbili, akasema huo ni wa ng'ombe, unafunguliwa kwa kidole. Akauliza nani anapika. MaZondi akasema watoto wenyewe, sufuria zipo, kuni zipo, kuku anauza, wakiunguza watakula kilichoungua. Akauliza mtoto akitaka kwenda kwao. MaZondi akafikiri kidogo, akasema teksi hupita pale barabarani; akiwa mkubwa ataaga aende, akiwa mdogo yeye mwenyewe atakaa naye mpaka mzazi aje.

Mama Neema akavua viatu, akaingia ndani ya hema.

Alikaa humo muda. Mimi nje nilikuwa namfikiria ameketi chini analia, na miaka tisa yote imemrudia kwa ujinga wangu. Nikamwambia Suleimani awashe gari tuondoke kwa heshima. Akanijibu kwa jina ninaloitwa kikosini, "Eish, Chef, mwache mama apumzike." Alipotoka alikuwa mkavu wa macho. Aliinama akakaza kamba moja iliyolegea, akaenda kuchukua kikapu, akatandika kitenge kwenye nyasi na kumwita MaZondi kwa mkono. Tulikula wanne kwenye sinia moja, sombe na ugali na mkate wa moto. MaZondi alionja sombe akasema kwao nao huchemsha majani ya namna hiyo, akaongeza tonge.

Tulirudi na mvua. Ilianza tulipoifikia lami, na wakati tunaiona bahari tena vipangusio vya kioo vilikuwa vimeshindwa kazi. Suleimani akaegesha pembeni tungoje. Nikaona hakuna tena cha kupoteza. Nikamwomba Mama Neema radhi kwa kumpeleka penye hema.

Akageuka kwenye kiti.

"Nani alikuambia miye naogopa hema?"

Nikasema watu wote.

"Batu bote," alisema. "Na miye hamukuniuliza. Sikia, Chef. Hema haikunifanya mubaya. Hema ilitufichaka mvua. Neema nilimuzala mu hema. Yenye ilituchokesha ni laini, kupanga foleni. Laini ya maji, laini ya unga, laini ya kuomba ruhusa ya kutoka. Miaka tisa niko mu laini na sahani mu mukono, na clé iko kwa mutu mwingine. Leo unanipeleka pale wanataka kumuvalisha mutoto wangu numéro, unaniambia ni vacances, ni likizo."

Niliona haya, na nilimhurumia, na pia nilijionea huruma kwa sababu nilizunguka jimbo zima nikimkimbiza asione turubai, huku kila niliposhuka garini namwonyesha kwa furaha kilekile kilichomtesa. Suleimani alipangusa kioo kwa kiganja kwa ndani, jambo lisilosaidia mvua ya nje, akasema tu, "Sharp, mama. Tumesikia." Mvua ilipopungua akawasha gari.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini nawaandikia ninyi mliobaki na vikosi huko, kama bado mnapiga kambi. Nilikagua bomba, vyoo, vitanda na ukuta wa kupanda. Mtu mwenyewe, aliyekuwa amekaa mbele yangu siku nzima, sikumuuliza swali moja la maana. Nilimwonea huruma kwa jambo nililolitunga mimi.

Jumapili baada ya misa wazazi walikusanyika katika ukumbi uleule wenye feni. Nilianza kueleza habari za shamba, mto, kuku, mahema, na nilipofika kwenye mahema sauti ikanipungua. Papa Jérôme, fundi viatu, mtu mkali kwa wanawe, alisimama akauliza mahali hapo kuna uzio gani, na kuna walinzi wangapi. Nikafungua mdomo. Mama Neema akawahi.

"Mulinzi haiko," alisema. "Batoto batalala mu hema. Batajipikia, batakula wote pamoja. Na siku mutoto akichoka, atarudi ku nyumba."

Katika ukumbi ule kuna wengi waliotoka kambi kama ya kwake. Espérance alikuwa amesimama mlangoni, na nikamwona anatazama uso wa mama yake aliyeketi kati ya wazazi, kisha wa jirani yake, kisha wangu. Papa Jérôme alikaa. Kisha akanyoosha mkono, na safari hii aliuliza kwa sauti ya chini kama wazazi nao wanaruhusiwa kuja.