Nilimchagulia mume wangu mji wa kodi nafuu, sasa sina pa kwenda

Admin, nifiche jina tafadhali, wenzangu wa kanisani wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 39, Mkenya, naishi Thamesmead hapa London na watoto wawili. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao.

Miaka miwili iliyopita mume wangu alipata makaratasi ya kwenda Amerika. Pa kufikia palikuwa pawili: New York kwa dada yake, au Houston kwa rafiki yake wa shule. Wifi akasema, "Mlete kwangu, atalala sebuleni mpaka ajipange." Mimi ndiye niliyekataa. Nilikaa na kalamu nikalinganisha: kwa kodi ya chumba kimoja New York, Houston unapata nyumba nzima na uwanja wa watoto kuchezea. Chakula rahisi, kila kitu rahisi. Nikamwambia, "Baba Neema, New York ni London nyingine hiyo. Nenda Houston." Jamani, nilijiona mjanja!

Kitu kimoja sikukiandika: gari. Ningejuaje? Hapa basi linapita karibu na mlango, miaka tisa sijawahi kuhitaji gari. Kumbe kule bila gari hata mkate huendi kununua. Mume wangu akapata kazi ya ghala, mbali, na mama mmoja wa hapo kazini akawa anampeleka na kumrudisha. Kila siku, mwaka mzima. Na mimi nakwangua kadi ya simu, nampigia, namwambia amshukuru sana huyo dada kwa niaba yangu. Mjinga mimi!

Mwezi uliopita nilitia sahihi kurudisha nyumba ya kaunsili, hii serikali ya mtaa inayotupangisha kwa bei nafuu, ili tumfuate. Wiki mbili baadaye akapiga, sauti chini. "Mama Neema, msije. Nakaa kwake. Ana mimba."

Nikamuuliza, "Na watoto wako?"

Akasema, "Si wewe uliyenituma huku?"

Wifi naye akanikata maini: "Kwangu treni zilikuwepo."

Kaunsili wanasema nyumba imeshapewa wengine, natakiwa kutoka Ijumaa. Hata kulia nimeshindwa. Jana Neema, ana miaka minane, alirudi kutoka shule na kadi kubwa, darasa zima limemwandikia safari njema. Ananiuliza kwa Kiingereza chake ndege ni saa ngapi, nami najifanya natafuta kitu jikoni. Ndugu zangu, nisaidieni japo kwa neno: huyu mtoto nimwambie nini, na Ijumaa niwapeleke wapi?