Kona ya Nne

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda kutoka Rubwera kwenda Mabira, nikiwa na jembe dogo na mishumaa ya kuwasha kwenye kaburi la babu na la bibi. Tulipofika penye uwanja wetu wa zamani wa mpira nilimshika dereva bega asimame. Uwanja ulikuwa umezungushiwa mabati mapya, na mabati yale yalikuwa yamenyooka pande zote, hayakupinda popote. Wewe hujui bado kwa nini jambo hilo lilinitia hofu, kwa hiyo kaa kidogo nikusimulie.

Uwanja ule ulikuwa malisho ya bibi. Babu alipofariki ng'ombe waliuzwa, nyasi zikabaki, na vijana wa kijiji wakaomba wachezee hapo. Bibi hakuwa na neno, maana kitinda mimba wake, baba yangu mdogo, ndiye aliyekuwa winga wa kushoto. Jumamosi bibi alikaa ukingoni mwa migomba akimenya ndizi na kumtazama mwanawe, na kila alipopata mpira kisu kilisimama hewani. Kazi yangu mimi ilikuwa kuteka maji ya wachezaji na kufukuza mbuzi golini. Hadi leo nikisikia harufu ya kahawa inayoanikwa uani na ndizi zinazochemka, masikio yangu husubiri filimbi ya refa.

Siku moja timu ya Murongo ilikuja, na refa akagoma kuanzisha mechi kwa kuwa hatukuwa na bendera za kona. Golikipa wetu, jirani wa bibi, kijana wa mbio kuliko wa kufikiri, akakimbilia kwenye mpaka wa shamba, akakata fimbo nne za mramura, akazichomeka kwenye pembe na kuzifunga vitambaa vyekundu. Tulishinda. Tulikula, tukaimba, na hakuna aliyezikumbuka fimbo zile. Kisha mvua za masika zikanyesha.

Kama hukukulia kwetu, mramura ndio mti wetu wa mpaka. Ukichomeka fimbo yake tu, inaota. Hupandwa mbele ya mashahidi pale shamba la huyu linapokutana na la yule, na mtu akiung'oa peke yake, kijiji kizima humhesabu mwizi wa ardhi. Bibi alipoona fimbo zimechipua alishika kifua.

"Mmenipandia mpaka kwenye shamba langu!"

"Bibi, hizo ni bendera za kona tu," golikipa alisema huku akicheka. "Nizing'oe?"

"Usiguse! Akikuona mtu tutasema nini? Huo si mti wa kuchezea."

Ile kona ya nne ndiyo iliyomnyima usingizi, kwa sababu ilikuwa imeingia ndani ya migomba, upande wa pili wa kaburi la babu. Tangu siku hiyo bibi hakutazama tena mpira. Alitazama kona. Nami nikaambukizwa hofu yake, nikawa nazunguka kwa mbali nikiwa nimebeba ndoo yangu ya maji ili jani la mramura lisinipapase.

Mwenyekiti wa timu alikuwa mfanyabiashara wa kahawa aliyetokea Muleba. Hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Alitununulia jezi na nyavu, na sisi watoto alitugawia biskuti. Timu aliiandikisha kwa jina lake kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi ya kwenda kuzungushwa maofisini. Halafu timu kubwa ya mjini ikamtaka baba mdogo. Ada ya uhamisho ingelipwa kwa klabu, na mwenyekiti akatangaza kwamba kwa fedha hizo atajenga jukwaa na ukuta.

"Lakini mimi sijengi kwenye shamba la mtu," alisema. Uwanja kwanza uwe wa klabu, ndipo atie saini ya kumwachia mchezaji.

Jumapili baada ya ibada tulikusanyika uwanjani. Wazee wa kitongoji walikuja, kahawa ya kutafuna ikapitishwa kwenye kikapu kidogo. Gari la timu ya mjini lilikuwa linasubiri barabarani, na baba mdogo alisimama kando yake na begi begani.

"Mama, kwani mipaka haipo?" mwenyekiti alimuuliza bibi kwa upole, akionyesha pembe moja baada ya nyingine. "Miti ilipandwa unaona, ukanyamaza."

Kwa mila yetu mramura ulioachwa ukaota ni mpaka, na wazee hawakuweza kumpinga. Mimi nilikuwa nimeshika kitenge cha bibi. Nilidhani tunafukuzwa siku ile ile, na kwamba babu atabaki peke yake na watu asiowajua.

"Mama, nisaidie," baba mdogo alisema kutoka kule barabarani.

Bibi alimtazama mwanawe, akawageukia wazee. Kisha akasema, "Chukueni. Ila kona ile inamkanyaga mume wangu. Isogezwe, na ninyi wote mwone inapowekwa."

Wazee wakakubali. Mramura wa nne uling'olewa mbele yetu sote na kupandwa nje ya migomba, karibu na kichuguu. Mwenyekiti akatia saini juu ya boneti, gari likaondoka na vumbi lake. Bibi aliniinamia akaniuliza, "Umeona ulipowekwa?" Nikasema nimeona. Aliniuliza tena senene walipokuja, na tena wakati wa kuchuma kahawa. Hadi uzee wake aliendelea kuniuliza, na mimi kila mara nilijibu nimeona.

Uwanja wetu ukawa na pembe iliyokatwa kama kipande cha sabuni. Wageni walitucheka, kwa sababu kona ya upande ule ilipigwa karibu kabisa na goli, na sisi tuliojua kuipiga tulifunga mabao ya bure. Jukwaa halikujengwa. Matofali yalirundikwa, mvua ikayarudisha kuwa udongo. Mwenyekiti alifariki, bibi akafuata, timu ikavunjika, na vijana sasa wanalipa kiingilio kutazama mpira wa Ulaya kwenye vibanda vya Rubwera. Nayakumbuka makelele yale ya Jumamosi hadi naumia.

Basi nilishuka kwenye bodaboda. Ndani ya migomba, upande wa pili wa kaburi la babu, nilikuta nguzo mpya ya saruji. Msimamizi wa mafundi, kijana mwenye adabu, aliniamkia shikamoo, akaniambia kwamba watoto wa marehemu mwenyekiti wameuza, na uwanja wowote una pembe nne.

Nilimpigia simu baba mdogo. Siku hizi anafundisha watoto mpira huko mjini, goti lake lilishamkatalia zamani. Nilimuuliza kona ilisogezwa wapi.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema. "Nilikuwa natazama gari."

Wazee wote wa siku ile wamezikwa. Golikipa naye tulimzika. Nilipiga magoti karibu na kichuguu, nikapapasa nyasi, nikakuta kisiki cha mramura kilichokatwa kwa panga. Ubavuni mwake kulikuwa na chipukizi, refu kama kidole changu.

Nilikaa chini kando yake. Kijana akaja na wenzake, mapanga mkononi.

"Mama, naomba usogee," alisema kwa heshima. "Hapo ndipo tunapofyeka leo."

Sikusogea.