Pazia la Dobi

Mama Pasi, dobi wa mtaa wetu, hakuogopa kitu ila midomo ya watu. Mimi nilikuwa nampigia pasi mashati, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona.

Bomba la mvuke kutoka kinu cha nyuklia lilipopitishwa nyuma ya ukuta, mkwewe, mume wa binti yake na fundi wa mabomba kulekule kinuni, ndiye aliyehangaika mpaka Mama Pasi akaunganishwa. Alitueleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji:

"Joto la kinu ni kali mno, mama. Gesi inalibeba, inalikabidhi kwa maji yaliyo kwenye mabomba mengine, yanageuka mvuke. Mvuke unazungusha mashine ya umeme, halafu badala ya kuachwa upotee, unakuja kwako. Moto mmoja, kazi mbili. Kilichomo kinuni hakigusani na shuka zako."

Mama Pasi akaitikia. Lakini wateja je? Mmoja alisema nguo zitang'aa gizani. Mwingine akalia kwamba mumewe atapukutika nywele, na mume mwenyewe kipara tangu siku ya harusi! Basi Mama Pasi akatundika pazia mbele ya bomba, akawasha kuni mbichi kwenye jiko la zamani uani, moshi uonekane mpaka barabarani. Tukafua kwa mvuke, sifa tukazipa kuni.

Asubuhi moja mkunga wa zahanati akaingia na sare zake nyeupe mkononi, pua ameikunja.

"Dobi, hizi umezifua au umezibanika?"

"Ni kuni, mwanangu. Vumilia."

"Si nasikia una bomba la mvuke?"

"Mimi? Nichukue uchafu wa wale wapika sumu? Labda nife kwanza!"

Nikakohoa. Nikakohoa tena. Wapi! Mkwewe alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa spana, amekuja kukagua koki kama alivyoahidi.

"Shikamoo, mama," akasema. Kisha akamgeukia mkunga: "Ni kweli, dada, anatumia kuni. Mimi ndiye ninayemletea."

Akapita zake uani, akachuchumaa na ovaroli yake safi, akaanza kuupuliza ule moto wa uongo.

Angemfokea, Mama Pasi angejibu, ulimi anao. Lakini kumtukana mtu, naye akakusitiri! Uso ulimshuka mpaka nikaona haya kumtazama.

"Basi," mkunga akasema, "sisi mikasi ya kuzalishia tunaisafisha kwa mvuke huohuo. Nilidhani nitapata sare zisizo na masizi."

Mama Pasi akalivuta pazia likang'oka na waya wake. "Bomba hilo hapo. Mwongo ni mimi. Aliyeniletea ni yule unayemwona anakohoa kule uani."

Nikamwagia jiko maji. Mkwe akaja, akakaza koki, akafuta mikono. Chai akaikataa kwa adabu: "Nimechelewa, mama."

Mkunga sasa huleta na sare za wenzake. Mkwe haji ila koki ikivuja, na kila spana zikigongana mlangoni, Mama Pasi huinama kutafuta chini ya meza kitu ambacho hakikuanguka.