Sufuria ya mbwa imeniletea watu wa kilio

Leo jirani amekuja kulia kwangu, na hakuna mutu amekufa.

Bwana yangu alileta mbwa mukubwa, ati wa kulinda nyumba. Hakuniambia kama huyo mbwa anakula kuliko kwaya ya parokia.

Sufuria yetu haimutoshi tena. Basi nikaazima ile kubwa ya kupikia watu wa matanga, nikaiweka inje kwenye moto, nimupikie fufu na samaki wadogo wa sambaza.

Jirani yangu Mama Neema akaiona. Akaingia na mufuko wa makala ya kusaidia moto wa kilio, machozi tayari: "Mama, nani ametuacha?"

Nikamuonyesha mbwa.

Akaangalia sufuria, akaniangalia.

Makala aliniachia. "Wenye kilio wanalishaka watu siku chache tu, mama. Wewe ni kila siku. Pole sana."

Wenye munafuga mbwa wakubwa, Mama Neema amekosea?