Kanga wa Porini

Mimi ni mwalimu hapa Bukiriro, na wiki iliyopita nilijiaibisha mwenyewe. Nilimpiga picha ndege aina ya kanga kwa karibu, kisha nikaikata picha hadi vikabaki kichwa na shingo. Ilipendeza mno. Siku ya wazazi nikaibandika ukutani, nikawaeleza kwamba nilijibanza porini siku mbili nikimvizia. Wakanipigia makofi, nami nikavimba kichwa.

Ndipo bibi mmoja, jirani yangu, akaisogelea picha.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Huyu kanga wangu namjua kwa hilo kovu la jichoni. Mbona ile kamba niliyomfunga mguuni haionekani?"

Mkuu wa shule alicheka hadi akatafuta kiti.